Uzi: Jicho la umeme lipo na linafanya kazi. Kampuni ikifa, jicho linabaki na nani?

FundiSpea (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za leo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo nilikabidhiwa mashine ya ultrasound ya msaada, nzima kila mahali isipokuwa probu, kile kichwa cha kupitishia mwilini. Nikawatafuta waliotengeneza, nikaambiwa kampuni ilishauzwa na aliyeinunua hana habari na modeli ile. Miezi mitatu baadaye manesi walikuwa wanawekea juu yake chupa ya chai. Tangu siku hiyo nikiletewa kifaa kipya siulizi kinafanya nini, nauliza spea zinatoka wapi. Ndiyo asili ya jina langu humu.

Sasa nina mjomba, zamani dereva wa basi njia ya Tanga. Alipokaribia miaka 35 akaanza kuomba zamu za mchana tu. Wenzake wakamcheka kwamba kaoa juzi, hataki kulala mbali. Kumbe giza likianza kuingia alikuwa haoni ukingo wa barabara. Nyumbani tukadhani ni vitamini, akala karoti mpaka akazichukia. Miaka ikaenda, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: sura yako anaiona, stuli iliyo mbele ya goti lake haioni. Leo ana miaka 61 na anachotambua ni kama dirisha liko wazi au limefungwa. Ugonjwa unaitwa retinitisi pigmentosa. Ni wa kurithi, unampata takriban mtu 1 kati ya 4,000.

Mwezi uliopita kasomewa habari ya jicho la umeme. Akanipigia: "Wewe si ndiye fundi? Niambie, kitu hiki kipo au ni maneno ya mitandaoni?" Nikaanza kuchimba.

Kipo. Tena si kipya, mtu wa kwanza kuwekewa toleo la kwanza la kile nitakachokieleza ilikuwa 2002, California.

Kanuni yake kwa lugha ya mtaani: nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaoitwa retina. Una seli zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga. Baada ya hizo kuna seli nyingine za kuchambua na kupeleka taarifa kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu wa jicho, ambao una nyuzi kama milioni moja hivi. Kwa mgonjwa kama mjomba zinazokufa ni zile za kupokea mwanga. Zile za kupeleka, nyingi bado zipo hai, zimekaa tu hazina kazi. Chukulia nyumba ya sola: paneli za juu ya bati zimekufa, nyaya za ukutani nzima. Wanasayansi wakasema basi tuziruke paneli, tupeleke umeme moja kwa moja kwenye nyaya.

Kampuni iliyofika mbali ni Second Sight ya Sylmar, California, iliyoanzishwa 1998, ikifanya kazi na daktari Mark Humayun. Kifaa chao wakakiita Argus. Argus ya kwanza ilikuwa na elektrodi 16, yaani vincha vidogo vya kutolea umeme. Argus II ikawa na 60. Ulaya iliruhusiwa 2011, Marekani FDA, mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba, wakaipitisha Februari 2013. Inavyofanya kazi: unavaa miwani yenye kamera ndogo katikati. Picha inashuka kwa waya hadi kwenye kisanduku cha kiunoni, kinaichakata na kuirahisisha, kinairudisha kwenye miwani, halafu koili iliyo pembeni ya miwani inairusha bila waya hadi kwenye kipokezi kilichoshonewa ubavuni mwa jicho. Kutoka hapo unaingia ndani ya jicho utepe mwembamba wenye zile elektrodi 60, umebanwa juu ya retina kwa kipini. Kila elektrodi ikipiga, mtu anaona kimuli cha mwanga. Kimuli tu. Sura ya mtu huioni, rangi huioni. Unaona mlango ni giza kati ya ukuta mweupe, mstari wa zebra barabarani, mtu kapita mbele yako. Aliyefanya vizuri kuliko wote kwenye majaribio alifika 20/1260. Maana yake kitu ambacho mwenye macho mazima anakitambua akiwa umbali wa karibu mita 380, yeye asogee mpaka mita 6.

Na kwa kuwa kamera ipo kwenye miwani, kuzungusha mboni hakusaidii. Unazungusha kichwa, kushoto kulia, kushoto kulia, kama feni, halafu unaunganisha picha akilini. Inachukua miezi ya mazoezi.

Bei ya kifaa peke yake Marekani: kama dola 150,000. Upasuaji mbali.

Sasa hapa ndipo mimi fundi niliposimama. Watu kama 350 duniani waliwekewa Argus. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kuitengeneza, ikahamia kwenye mradi wa kupandikiza ubongoni. Machi 2020 ikafukuza sehemu kubwa ya wafanyakazi, ikakaribia kufilisika. Mwaka 2022 ikaungana na kampuni ya dawa. Wengi wa wale watu 350 wamebaki na chuma ndani ya jicho.

Mama mmoja wa New York alikuwa kituo cha treni za chini ya ardhi, saa za msongamano, yupo juu ya ngazi anataka kushuka. Akasikia pi, pi, pi. Mtambo ukazima. Vile vimuli vyote kwisha. Hiyo ilikuwa 2013, kampuni ikiwa bado hai na mafundi wapo, na bado haikutengenezeka. Mwingine, Mholanzi, kisanduku chake cha kiunoni kilivunjika 2020, kampuni haina cha kumpa. Akahangaika kwa wagonjwa wenzake na madaktari mpaka kikapatikana cha mtu mwingine. Spea ya mkononi! Mwingine madaktari walitaka kumpiga MRI kichwani, ile picha ya mashine yenye sumaku kali, ikabidi kwanza waulizie kampuni kama kipandikizi kinaruhusu. Simu ikakosa wa kuipokea.

Waswahili tuna neno la kuachwa kwenye mataa. Hawa waliachwa kwenye mataa hawayaoni.

Wenye ujuzi wa macho karibuni, nisahihisheni.

---

Kibajaji

Siti ya mbele kabisa. Mkuu umeshusha nondo.

---

Mzee wa Kona

Dola laki na nusu ili uone mlango? Mlango si unaupapasa tu. Hela hiyo mpe fimbo nyeupe, mbwa, na kijana wa kumwongoza miaka ishirini, chenji inabaki. Hawa jamaa wanauza matumaini.

---

FundiSpea

Mzee wangu shikamoo. Nilikuwa na wazo hilohilo mpaka nilipomuuliza mjomba. Akasema: "Kijana wa kuniongoza ninaye. Ninachotaka ni kujua nani kaingia chumbani kabla hajasalimia." Sasa mimi nani nimwambie hiyo haina thamani.

Ila uko sahihi kwenye bei. Na hata wenyewe waliona: kifaa kiliruhusiwa Marekani kwa utaratibu maalumu wa magonjwa ya watu wachache, soko lilikuwa dogo tangu mwanzo. Kampuni ya soko dogo ikiingia hasara haina pa kujificha.

---

Tabibu wa Macho

Nimefanya kazi kliniki ya macho miaka kumi na mbili. FundiSpea, mfano wako wa sola nauiba. Niongeze jambo kabla watu hawajaanza kupigia ndugu zao simu.

Kifaa hiki si cha kila kipofu. Kinahitaji nyaya za ukutani ziwe nzima. Mtu mwenye presha ya jicho aliyechelewa, kwake kilichokufa ni mshipa wenyewe wa fahamu, yaani waya unaotoka kwenye nyumba umekatika. Ukimwekea kipandikizi cha retina umewasha balbu kwenye nyumba isiyo na njia. Mtu wa trakoma au kovu kwenye kioo cha jicho, retina yake pengine ni nzima kabisa, tatizo lipo mbele. Na mtoto wa jicho ndiyo usiseme: hiyo ni operesheni ya dakika chache, unabadilishiwa lenzi, kesho bandeji inatolewa unamwona mjukuu. Kwetu huku Afrika Mashariki wengi wasioona ni hao wa mtoto wa jicho. Sasa mtu anakuja kliniki na simu mkononi ananionyesha video ya jicho la roboti, nikimmulika naona mtoto wa jicho mweupe kama tui. Namwambia mama, jicho lako la roboti lipo hapahapa, njoo Jumanne na usile.

Halafu jingine. Mtu aliyezaliwa haoni kabisa, ubongo wake haujawahi kujifunza kusoma picha. Argus waliwawekea watu waliowahi kuona.

---

Binti Lindi

Naandika kutoka Ujerumani, nahudumia wazee. Huku hiyo retinitisi si maarufu kama ugonjwa mwingine wa uzeeni, unakula katikati ya retina, sehemu ya kusomea. Pembeni panabaki.

Nina bibi mmoja, miaka 84. Ukimsimamia mbele kwa mbele anakuuliza wewe nani. Ukisogea kidogo bega la kushoto anakwambia, aa, umesuka nywele. Chai anamimina vizuri kabisa kwa kuangalia kando ya kikombe, kama mtu anayemkwepa mdai. Lakini barua za pensheni nasoma mimi. Alikuwa mwalimu wa shule, kinachomuuma kuliko vyote ni kusomewa. Kila nikimaliza ananiambia nirudie mstari wa pili, kumbe hajaamini nimesoma kila neno.

Juzi kwenye redio walitangaza kuhusu chipu ya kwenye jicho, majaribio yakiongozwa na daktari wa Bonn. Bibi akanyamazisha kila mtu mezani. Je, hicho ndicho hiki unachokisema, kaka Fundi, au ni kingine?

---

FundiSpea

Dada, ni kingine, na ndicho kilichonirudisha kwenye kibodi. Kinaitwa PRIMA. Aliyekibuni ni Daniel Palanker wa Chuo Kikuu cha Stanford, kikaendelezwa na kampuni ya Paris, Pixium Vision.

Hapa mfano wangu wa sola unakuwa si mfano tena. Ni paneli ya sola kweli. Chipu ya milimita 2 kwa 2, unene wa maikromita 30, yaani nyembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Ina vipande 378, kila kimoja ni kipaneli kinachojitegemea. Inatelezeshwa chini ya retina, palepale seli zilipokufa. Haina waya, haina betri, hakuna kitu kinachotoka nje ya jicho. Miwani ina kamera, na badala ya kurusha mawimbi ya redio kama Argus, inamulika picha ndani ya jicho kwa mwanga wa infraredi ya karibu. Mwanga huo unafanya kazi mbili kwa mpigo: ndiyo picha na ndiyo umeme.

Kwa nini infraredi? Kwa sababu macho hayaioni. Bibi yako pembeni bado anaona, wangemmulika kwa mwanga wa kawaida wenye nguvu hiyo wangemharibia na kile kilichobaki. Kwa hiyo anaendelea kumimina chai kwa jicho la pembeni, na katikati anasoma kwa chipu. Hapo ndipo nilipovua kofia.

Matokeo yalitoka Oktoba 2025 kwenye jarida la New England Journal of Medicine. Watu 38, vituo 17, nchi 5 za Ulaya. Waliofika miezi 12 ni 32, na 26 kati yao uoni wao ulipanda kwa kiwango cha maana. Kwa wastani walisoma herufi 25 zaidi kwenye ule ubao wa kliniki, hiyo ni mistari mitano. Kwa kuwa miwani inakuza picha, wengi waliweza kusoma herufi, namba na maneno nyumbani. Bila rangi, taratibu, neno kwa neno. Na haikuwa bure: watu 19 walipata madhara makubwa, kama presha ya jicho kupanda na damu kuvuja chini ya retina, ingawa mengi yaliisha ndani ya miezi miwili.

Sasa ngoja nikwambie kilichoniuma. Kabla matokeo hayo hayajatoka, Pixium yenyewe ilifilisika. Wagonjwa tayari wana chipu machoni! Mwaka 2024 mali zake zikanunuliwa na Science Corporation ya California, ya Max Hodak aliyewahi kuwa rais wa Neuralink, kampuni ya Elon Musk ya vipandikizi vya ubongo. Asingejitokeza, tungekuwa na hadithi ya Sylmar mara ya pili.

Mara ya tatu, nisahihishe. Wajerumani nao walikuwa na ya kwao, Retina Implant ya Reutlingen, kazi ya profesa Eberhart Zrenner wa Tübingen. Chipu ya vipande 1,500, iliruhusiwa Ulaya 2013. Kampuni ikafunga milango 2019.

Kwa hiyo dada, bibi akipata nafasi kwa daktari wake, amuulize mambo mawili: kwanza kama ugonjwa wake huo wa uzeeni ni wa aina kavu, uliokwisha kula katikati, maana ndio uliojaribiwa. Pili, miwani ikiharibika baada ya miaka kumi, nani anaitengeneza, na hilo limeandikwa wapi.

---

Kibajaji

Swali la kijinga. Simu yangu ina pikseli mamilioni. Kwa nini hawa wanahangaika na 60, 378? Si waweke elektrodi milioni waondoe lawama?

---

FundiSpea

Si la kijinga, ndilo walilokwama nalo. Umeme ndani ya jicho hauendi mstari mnyoofu kama mwanga, unasambaa, jicho lina majimaji. Mwaga maji kwenye sakafu ya mchanga kwa vikombe viwili vilivyokaribiana: hupati madimbwi mawili, unapata moja. Ukisogeza elektrodi karibu mno, vimuli vinaungana vinakuwa ukungu. Ndiyo maana Wajerumani na vipande vyao 1,500 hawakuona mara ishirini na tano zaidi ya Argus yenye 60.

Ukizipunguza ukubwa, umeme unaohitajika kuamsha seli unasongamana kwenye nukta ndogo, unaunguza seli na kula chuma chenyewe. Halafu joto. Jicho halina feni.

PRIMA wanabana kwa kumzungushia kila kipaneli pete ya kurudishia umeme, usitoroke kwenda kwa jirani. Fundi yeyote wa umeme hapa ameelewa: kila mtu na nyutro yake.

---

Mzee wa Kona

Nimesoma tena. Hiyo ya kuziba pengo la paneli zilizokufa kwa sola ndogo imenipendeza, nakiri. Lakini mbona nasikia wengine wanapitisha moja kwa moja ubongoni? Hizo za Musk.

---

Tabibu wa Macho

Mzee, hilo ni la wale niliosema waya wao umekatika. Unaruka jicho zima, unaweka elektrodi juu ya sehemu ya ubongo inayoona, kisogoni. Wala si la Musk: mwaka 1968 huko Uingereza Giles Brindley alimwekea muuguzi mmoja aliyepofuka elektrodi 80 kisogoni, mama akaona vimuli. 1968! Hao hao Second Sight mradi waliokimbilia, unaitwa Orion, ni wa ubongo, na walianza na watu sita tu. Neuralink wana wa kwao, Blindsight, 2024 FDA iliutambua kama kifaa cha kupewa kipaumbele. Kupewa kipaumbele maana yake faili linasomwa mapema, kupona ni habari nyingine. Watu humu wanachanganya.

Kwa mjomba wa Fundi ningependa zaidi njia ya vinasaba kuliko chuma. Ipo dawa, Luxturna, iliruhusiwa Marekani Desemba 2017, inaingiza nakala nzima ya jeni moja, RPE65. Ukiwa na hitilafu ya jeni hiyo na seli bado hai, inasaidia. Bei yake ilipotoka dola 850,000 kwa macho mawili, Mzee wa Kona asisome hapo. Na jeni zinazosababisha retinitisi ni nyingi, hiyo ni moja.

Halafu kuna ya Paris, 2021, akina José-Alain Sahel na Botond Roska: walichoma sindano kwenye jicho la mzee wa miaka 58 ikizipa zile seli za kupeleka taarifa uwezo wa kuhisi mwanga zenyewe. Akiwa na miwani yake maalumu akaweza kuligusa daftari lililowekwa mezani. Hakuna chipu. Hakuna spea, Fundi.

---

FundiSpea

Miwani ipo, Tabibu. Miwani ni spea.

---

Tabibu wa Macho

Nimekwisha.

---

Mama Tunu

Samahani kuingilia wasomi. Mmeongea jeni, Fundi kasema ugonjwa ni wa kurithi. Huyo mjomba ana watoto?

---

FundiSpea

Shikamoo mama. Anao watatu. Hakuna aliyewahi kupimwa, na ukweli hata mimi sikuwaza mpaka ulivyouliza.

Jana usiku nilimpigia mjomba nikamsomea uzi wote kwa spika. Kwenye elektrodi 60 akanikatiza: "Nitaona mpira kwenye televisheni?" Nikamwambia hapana, utaona televisheni yenyewe ni kitu kinachowaka. Akafikiri kidogo. "Basi waniachie redio." Ya Paris ya 2021 akanirudisha niisome mara mbili.

Nikamuuliza kuhusu watoto. Akakaa kimya, halafu akasema wa mwisho, binti wa miaka 19, juzi umeme ulipokatika alipiga teke ndoo iliyokaa katikati ya korido, na wenzake wote waliikwepa. Akamwambia awe anaangalia anakopita.

Tabibu, nimekutumia ujumbe wa faragha. Nampeleka Jumanne. Nitaleta mrejesho.